Mshiriki wa Sita wa Kapu

Jumanne. Ukungu umetanda juu ya Ngara tangu alfajiri, na sasa, saa nne kasoro, bado haujaondoka. Nikiwa dirishani nasikia watu wakisalimiana barabarani kabla hawajaonana. Mmoja anasema "Bwakeye", na jibu linatoka mahali ambapo sioni mtu. Vidole vyangu ni baridi. Umeme upo.

Nimekaa na ripoti ya mwisho ya mradi wangu, ambayo wageni kutoka Dar es Salaam, wanaofikiria kuueneza mradi huo, wataipokea mkononi keshokutwa, Alhamisi. Ina kurasa kumi na nne. Nimeisoma mara mbili, na ninalazimika kukiri hapa kile ambacho bado sijakikiri kwao: ukurasa wa tisa una uongo.

Sikuuandika nikijua kwamba ni uongo. Nimelijua hilo leo asubuhi.

Majina ya watu nimeyabadilisha, na andiko hili litabaki rasimu kwenye blogu mpaka msimu huu wa mabasi ya kukusanya wakimbizi upite. Lakini nisipoliandika leo, nitaanza kujiambia kwamba sikuona nilichokiona.

Nianze na mradi wenyewe, kwa kuwa bila huo hakuna kitakachoeleweka. Nilipohitimu shahada ya sayansi ya kompyuta nilirudi nyumbani nikiwa na wazo moja. Maharage yanaweza kuwa na bei ya chini Mabawe na ya juu Biharamulo katika juma lilelile. Mfanyabiashara hodari hununua kule na kuuza huku. Shida ni kwamba habari za bei zikienea, wote hupakia siku moja kwenda gulio moja, na bei inaanguka kabla gari la tatu halijashusha. Wangeweza kugawana masoko kama kila mmoja angesema ana magunia mangapi. Hakuna anayesema. Ukitaja mzigo wako umewapa wenzako silaha.

Nikabuni seti ya zana za programu na kuiita Kapu. Kila Jumanne, kabla ya gulio, wafanyabiashara sita hutuma kila mmoja namba moja kwa ujumbe mfupi wa simu. Kompyuta yangu hujumlisha, hulinganisha jumla na bei za masoko, kisha humjibu kila mmoja kwa mafungu: kati ya kila magunia manne, matatu yaende Biharamulo, moja libaki Rulenge. Hakuna anayejua mzigo wa mwenzake. Hata mimi sijui.

Usiri huo tuliujenga kwa maharage.

Tulikutana siku mbili Rulenge, katika stoo ya mama mdogo, ambaye ni mmoja wa hao sita. Kila wawili walikaa peke yao na gunia lililofunguliwa. Mmoja alichota konzi, wakahesabu pamoja, na namba hiyo ikaandikwa kwenye madaftari yao wawili tu. Mmoja ataiongeza kwenye idadi ya magunia yake, mwingine ataipunguza kwenye yake. Namba zote sita zikikutana kwenye kompyuta, kilichoongezwa kinauana na kilichopunguzwa, na jumla ya kweli inabaki. Walichota mara kumi na mbili kila wawili, kwa ajili ya Jumanne kumi na mbili. Mstari ukishatumika unachanwa na kutiwa motoni.

Mzee Leopold wa Mabawe ana kiganja kama jembe. Kila alipochota, wenzake waliguna.

"Mzee, tutalala hapa!" mama mdogo alimwambia.

"Mnataka siri ndogo? Mimi siri zangu ni kubwa," alijibu.

Lakini alipoketi na mwenzao Scolastica mambo yalikuwa mengine. Scolastica aliyatazama maharage mara moja yakiwa bado yanabingirika juu ya turubai, akasema, "Arobaini na tatu." Mzee akayahesabu moja moja kwa kidole. Yalikuwa arobaini na tatu.

"Mwalimu, umeyahesabu au umeyasalimia tu?"

"Nimeyasalimia, Mzee. Yakaitikia yote."

Tulicheka sana siku ile.

Scolastica alikuwa mwalimu wa hesabu kwao Burundi. Alivuka mpaka na wakimbizi wa safari hii, lakini hakupanda basi la kwenda kambini. Alipanga chumba Kasulo na kuanza na debe moja la maharage, kisha gunia, kisha magunia. Hakuwa na kibali cha kuishi nje ya kambi. Sote tulijua, na hakuna aliyewahi kulitamka. Nilipomwomba ajiunge aliniuliza swali moja tu: "Nani ataniona?" Nikamjibu kwa fahari ya mtu mwenye cheti kipya kwamba ndani ya mashine hatakuwa na jina, atakuwa nafasi ya sita, na kwamba hata mimi sitamwona.

Niliamini nilichokisema. Karibu chote.

Mfumo wa namna hii una udhaifu mmoja, na mtu yeyote aliyesomea fani hii anaujua. Mmoja asipotuma, namba zake hazipo za kuua zile za wenzake, na jumla inakuwa upuuzi. Juma la tatu mwenzetu wa Nyakahura alisahau kutuma. Kompyuta ikatangaza kwamba sote kwa pamoja tuna magunia hasi themanini na moja. Mzee Leopold alinipigia simu akicheka mpaka akakohoa. "Injinia, hayo maharage tunadaiwa na nani?" Ilinichoma. Nikaahidi kutengeneza kiraka, kipande cha programu cha kuziba pengo la asiyekuwepo.

Juma la nane Scolastica alitoweka.

Zilikuwa siku za msako wa wasio na vibali. Mabasi yalisimama njia panda tangu asubuhi, na watu waliokusanywa wakapandishwa. Wengine wanasema walimwona kwenye kiti cha nyuma, amejifunika kitenge kichwani. Wengine wanasema aliyefunikwa hakuwa yeye. Mama mdogo alikwenda Kasulo siku ya tatu. Alikuta mlango umefungwa kwa kamba ya katani kutoka nje, fundo zuri la mtu asiye na haraka. Ndani, mkeka ulikuwa umekunjwa. Jivu la mafiga lilikuwa limefagiliwa. Juu ya mkeka lilikuwapo daftari lake la Kapu, peke yake, limenyooshwa sawasawa na ukingo.

Mistari minne ilikuwa haijachanwa.

Mama mdogo aliniletea daftari limeviringishwa ndani ya kanga. Kwetu mtu akitoweka hatuulizi kwa sauti. Bibi yangu hajala samaki wa mtoni tangu miaka ile miili ya waliouawa ng'ambo ya mpaka ilipokuwa ikipita na maji, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumwuliza sababu. Nililitia daftari kwenye begi la kompyuta na halijatoka humo.

Jumatatu iliyofuata nilimaliza kiraka changu. Jumanne, juma la tisa, nikasubiri upuuzi. Kioo cha kompyuta kikaandika: jumla, magunia thelathini na nane. Namba safi, yenye akili. Kila mmoja akaenda gulioni alikoelekezwa na bei ikashikilia.

Nilisimama. Nilitembea chumba kizima mikono kiunoni. Watu wamesumbukia tatizo hili katika vyuo vikubwa, na mimi, binti wa Ngara, nimelitatua kwa siku nne nikiwa mezani kwa mama mdogo! Juma la kumi likaja safi. La kumi na moja, safi. La kumi na mbili, safi. Nikaandika ukurasa wa tisa: "Mfumo unastahimili kukosekana kwa mshiriki bila kuathiri usahihi wa jumla." Nikawatumia wageni muhtasari. Wakajibu siku hiyohiyo kwamba wangependa kuona jambo hilo hasa.

Sikumfikiria Scolastica hata mara moja katika majuma hayo manne. Naliandika hili kwa sababu ni kweli.

Leo ni Jumanne ya kumi na tatu. Mistari ya zamani imekwisha. Jumapili, baada ya misa, wale watano waliobaki walikutana stooni na kuchota maharage upya, watano peke yao. Mimi nikaifuta nafasi ya sita kwenye programu. Asubuhi hii ujumbe ukaanza kuingia, na kioo kikaandika kama kawaida:

Washiriki: 6.

Nilidhani ni kosa la uandishi. Majuma yote hayo niliiona hiyo sita, nikaamini inatoka kwenye orodha niliyoiandika mwenyewe. Leo orodha ina watano. Nikafungua programu na kufuatilia mstari hadi mstari. Ile namba haisomi orodha kabisa. Inahesabu ujumbe ulioingia.

Hapa lazima nikiri jambo la pili. Niliwaahidi kwamba ujumbe ukishajumlishwa unafutwa. Haufutwi. Niliacha faili moja la kumbukumbu, lenye kila ujumbe pamoja na namba ya simu na saa, ili linisaidie kutafuta makosa, na sikumwambia mtu. Kila mhandisi hufanya hivyo, nilijiambia. Leo nimelifungua kwa mara ya kwanza.

Juma la tisa, ujumbe sita. La kumi, sita. La kumi na moja, sita. La kumi na mbili, sita. Wa sita ulitoka kila juma kwenye simu tofauti, na kila juma ulifika kabla ya wengine wote, dakika chache baada ya saa moja asubuhi, saa ambayo Scolastica alizoea kutuma.

Kiraka changu hakikuwahi kufanya kazi. Programu haikuwahi hata kukiita. Hapakuwa na pengo la kuziba.

Nikalitoa daftari kwenye begi. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi kabla sijaamua. Kwa daftari hili na faili lile naweza kufanya kile nilichoapa kwamba hakiwezekani: kuondoa namba tano za siri, moja moja, na kuona Scolastica alikuwa na magunia mangapi. Mwandiko wake ni wa ubaoni, mviringo, kila tarakimu imesimama peke yake. Nikaanza na juma la tisa. Nikatoa ya Mzee Leopold. Nikarudisha ya mama mdogo. Nikatoa, nikatoa, nikarudisha.

Sifuri.

Juma la kumi, sifuri. La kumi na moja, sifuri. La kumi na mbili nililirudia mara tatu, kwa sababu nilishaanza kuogopa jinsi lilivyokuwa linatoka bila mabaki.

Sifuri.

Hana maharage. Hana gunia hata moja popote alipo. Alikuwa anatuma sifuri iliyovikwa namba tano sahihi, kwa sababu moja tu inayoniingia akilini: bila ujumbe wake hesabu ya wale watano ingevunjika. Na daftari alilohitaji ili kuandika ujumbe huo limekaa kwenye begi langu majuma yote haya.

Ujumbe wa sita wa leo haukuhitaji kufichuliwa. Mistari imekwisha, na yeye anajua imekwisha. Ulikuwa na tarakimu moja, bila vazi lolote: 0.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu bora zaidi. Sikuishia hapo. Niliipiga ile namba ya leo.

Iliita mara mbili na kupokelewa. Hakuna aliyesema halo. Nilisikia watoto, wengi sana, wakihesabu kwa sauti moja kwa Kirundi: rimwe, kabiri, gatatu, kane, gatanu. Wakifika tano wanaanza upya. Polepole, kama watu wanaovuta kitu kizito kwa pamoja. Nikasema jina lake. Hesabu ikakatika katikati ya gatatu, wote kwa mara moja, kama vile aliyekuwa mbele yao ameinua mkono. Palikuwa na ukimya ambao nilijua una watu ndani yake. Kisha simu ikakatwa. Nilipopiga tena haikupatikana.

Nilibaki nimeishika simu sikioni. Nje mtu alipita akikohoa, nami nikajibana ukutani kana kwamba mimi ndiye ninayetafutwa.

Sijui kama ni darasa la kambini. Sijui kama ni yeye. Inawezekana simu ni ya mzazi fulani anayemwazima, na inawezekana aliwafundisha watu wengine zile namba kabla hajaondoka. Ninachojua ni kwamba sasa namba yangu imeandikwa kwenye simu hiyo, ya mtu aliyejificha, na aliyeiweka hapo ni mimi.

Hapo niliacha kuandika, nikaenda Rulenge kwa pikipiki, ukungu ukinilowesha kope. Mama mdogo alikuwa anashona midomo ya magunia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Una nini? Umekuwa mweupe kama unga."

Nikamweleza yote. Hakuacha kushona. Nilipofika kwenye daftari, kwamba haiwezekani kutuma bila daftari, alitoa sauti ndogo puani.

"Yule hakuwahi kulifungua. Mara ngapi nimemwona akituma amesimama mlangoni hapo, anaangalia barabara? Nikamwuliza, akaniambia daftari ni la sisi tunaosahau."

"Ni namba sitini, mama."

"Kwako ni namba. Kwake yalikuwa maharage, na aliyaona yote." Akakata uzi kwa meno. "Kwa hiyo majuma yote hayo tumekuwa sita."

"Sita."

"Na hao wageni wako wanataka kuona nini?"

Nikamsomea barua pepe yao ya jana. Wamefurahishwa sana na ustahimilivu wa mfumo. Wanaomba niwaandalie kumbukumbu ghafi za ujumbe wote wa majuma manne ya mwisho, pamoja na namba za simu na saa, ili mtaalamu wao ahakiki.

Mama mdogo aliweka sindano chini.

"Waambie mashine imekosea," alisema. "Mashine haipandishwi basi."

Nilirudi nikiwa nimekasirika, na hasira yenyewe haikuwa na mwenyewe. Nilikaa mezani zaidi ya saa moja nikitafuta njia ya tatu. Naweza kuzibadilisha namba za simu kwenye faili. Naweza kuwapa jumla tu. Naweza kunyamaza na kuuacha ukurasa wa tisa ulivyo. Watahakiki, wataona ujumbe sita mahali nilipodai ni tano, na watauliza wa sita ni wa nani. Mtu makini ataipiga ile namba. Mimi mwenyewe niliipiga. Au hawatahakiki, watanipa nafasi ninayoitamani kuliko kitu chochote, na Kapu litapelekwa kwa wafanyabiashara wengi wa masoko mengi likiwa na kiraka ambacho hakijawahi kuziba hata tundu la sindano. Siku ya kwanza mtu mmoja akitoweka, wote watapakia kwa namba ya uongo.

Saa tisa alasiri nimefuta faili. Nimelifuta kwa namna ambayo hata mimi siwezi kulirudisha, na nimeiondoa sehemu ya programu iliyokuwa inaliandika. Nimefuta namba yake kwenye simu yangu kabla sijapata muda wa kuikariri. Mistari minne ya daftari nimeichana mmoja mmoja na kuitia kwenye jiko la mkaa, kama tulivyokubaliana tangu mwanzo. Ilinichukua muda, kwa sababu mkono wangu ulikuwa hautaki.

Kisha nikaandika upya ukurasa wa tisa. Sasa unasomeka hivi: "Mfumo haustahimili kukosekana kwa mshiriki. Dai la awali la mwandishi halikuwa sahihi. Kumbukumbu ghafi hazipo, kwa kuwa hazikupaswa kuwapo." Sentensi tatu. Nimewatumia leo, ili wasifunge safari hadi huku kutafuta kile nilichowaahidi. Bado hawajajibu. Pengine Alhamisi hakuna atakayekuja.

Nafasi ya sita nimeirudisha. Mashine itapokea ujumbe wowote utakaokuja humo, itaujumlisha, itausahau, na kuniachia idadi ya waliotuma na si kitu kingine. Hivyo ndivyo nilivyomwahidi. Ilinichukua majuma kumi na matatu na woga wa leo kuifanya ahadi hiyo kuwa kweli.

Na sasa kwa kuwa ni kweli, nimekaa hapa na swali ambalo hakuna zana niliyoijenga inayoweza kunijibu. Jumanne ijayo, kioo kikiandika tano, nitajuaje kama amenyamaza kwa sababu yuko salama na hana haja ya kutuma tena, au kwa sababu nilimpigia?